Merle Trewartha na dakika kumi na tano za kila mtu

Saa mbili na nusu asubuhi, Merle Trewartha anapanga viti vinne vya plastiki chini ya dirisha la duka la dawa la Port Kerrin. Kila kiti anakipa saa yake ndogo ya jikoni, zile za kuchemshia mayai: ya njano, ya kijani, nyeupe na nyekundu. Kisha anatoa kwenye mfuko bakuli la kioo la saladi, alilolibeba kutoka nyumbani kwake, na kuliweka juu ya kaunta.

Bakuli hilo ni la funguo. Hapa hachomwi mtu chanjo ya homa ya mafua kabla hajatumbukiza funguo zake humo, na hazipati tena mpaka saa yake ilie. Uwe padri, uwe diwani, uwe umechelewa mazishi, utakaa kitini dakika kumi na tano kama wenzako.

"Wananiita mkuu wa gereza," anasema huku akifuta bakuli kwa pindo la sweta. "Waniite tu. Mimi nataka watoke hapa wazima."

Ni Alhamisi, siku ya mwisho ya Aprili, na huku Rasi ya Yorke kila mtu ana haraka. Mvua imetabiriwa Jumamosi. Ardhi imekauka tangu Januari, mashine za kupandia shayiri zimeshafungwa nyuma ya matrekta, na mkulima akionekana mjini ujue kafuata bering au mpira wa mafuta. Duka la vipuri linatazamana na duka la dawa, basi akishapata bering yake ndipo anapokumbuka sindano. Msimu wa homa na msimu wa kupanda imeangukia mwezi mmoja, na aliyepanga hivyo hakumwonea huruma Merle.

Merle ana miaka sitini na mmoja. Amefanya kazi dukani hapa miaka ishirini na saba, sasa hivi siku nne kwa wiki, kwa dola ishirini na nane kwa saa. Si mfamasia, wala hajawahi kumchoma mtu sindano. Anayechoma ni Linh Dao, mfamasia wa miaka ishirini na tisa, aliyehamia hapa kutoka Adelaide na kupendwa upesi kwa sababu mkono wake ni mwepesi. Kazi ya Merle huanza pale Linh anapomaliza kubandika plasta. Kazi yake ni kutazama sura za watu.

Anatazama midomo kama inabadilika rangi. Anatazama jasho. Anamsikiliza aliyekuwa akiongea sana, kama atanyamaza ghafla. Anajua kwamba mzio mkali baada ya chanjo hii ni nadra mno, Linh amemwambia hivyo mara chungu nzima, na hata kuzimia hakutokei kila siku. Lakini kwa misimu mitatu sasa Merle hana raha kuanzia Aprili hadi Juni, na sababu yake anaitaja bila kuulizwa mara mbili.

"Nilimfungulia mlango mwenyewe," anasema. "Kaka yangu. Mikono yake ilikuwa imejaa."

Kaka yake anaitwa Ross. Miaka mitatu iliyopita alichanjwa hapa hapa, akakaa dakika tano, akainuka. Alisema mvua haimsubiri mtu aliyekaa kitini. Alikuwa amekumbatia vipuri vya mashine, na Merle, kama dada yeyote, akamfungulia mlango. Ross alizimia akiwa kwenye usukani, mbele kidogo ya maghala ya nafaka, gari likaacha barabara na kugonga tangi la zege. Madaktari walisema hakuwa na mzio wowote, alikuwa hajala tangu jana yake na presha ya damu ilimshuka. Bega lilivunjika vipande, akafanyiwa upasuaji mara tatu, na shamba likakodishwa kwa jirani kwa sababu hawezi tena kushika trekta kutwa nzima.

Ross hamlaumu. Kila mwaka anakuja, anakaa dakika ishirini kwa makusudi, anamtania dada yake na kuondoka. Merle ndiye anayejilaumu. Ndipo yalipoanza mambo ya bakuli, saa za jikoni na lile swali linalowachosha watu wa Port Kerrin, yaani umekula nini leo. Ukijibu kwa kusitasita unapewa biskuti, na unatazamwa mpaka uimalize.

Saa nne na dakika arobaini anaingia Kelvin Rodda.

Kelvin, miaka sitini na saba, alisoma na Ross na anajulikana kwa maneno yake ya mzaha. Leo hana mzaha. Mikono ina grisi, kola ya shati imejaa vumbi la mbegu za shayiri. Anatupa shada zito la funguo bakulini, anajibu maswali ya Linh kwa ndiyo na hapana, anachomwa, anapewa kiti cha saa nyekundu. Biskuti anaipokea lakini haili.

Mwandishi wa makala haya yupo kiti cha pili, saa ya kijani, maana kwa Merle asiyechanjwa hapati mahojiano. Kiti cha tatu amekaa mwalimu wa shule ya msingi. Wote watatu tunatazama mbele kama watu walio kwenye foleni ya kinyozi.

Kelvin anatoa simu, anaiweka sikioni, anasikiliza muda mrefu, anaishusha. Anapiga tena. Kisha anaanza kujikuna shingo.

Merle amemwona. Anamsogelea na kumuuliza kinamwasha nini. Kelvin anajibu kuwa ni shayiri, kwani yeye hajui shayiri? Merle anaijua. Kila aliyewahi kumimina mbegu za shayiri anajua kwamba vumbi lake humwasha mtu siku tatu mfululizo, hata akioga. Anaridhika nusu. Simu ya duka inalia, mama mmoja anataka kujua kama dawa ya mwanawe imefika, na Merle anaingia nyuma kwenye rafu kuitafuta.

Hakukaa huko hata dakika mbili. Aliporudi, saa nyekundu ilikuwa inatembea juu ya kiti kitupu, imebakiza dakika tisa, na biskuti imelala kando yake.

Mwandishi alimwona Kelvin akisimama. Alidhani anakwenda kutupa karatasi. Hana cha kujitetea.

Merle alikimbilia bakuli. Shada la Kelvin lilikuwamo. Akaliinua, akazipitia funguo moja baada ya nyingine: ya pipa la dizeli, ya banda, ya kabati la bunduki, ya kufuli la geti. Ya gari haikuwamo. Akatazama dirishani, pikapu la Kelvin halipo.

Hapo ndipo rangi ilipomtoka. Watu wa huku hawachomoi ufunguo wa gari. Unalala kwenye swichi usiku na mchana, gari likiwa bandani au mbele ya posta, mwaka hadi mwaka, kwa sababu hakuna wa kuiba na asiyeuacha humo ataupoteza. Hata ufunguo wa Merle, dakika hiyo hiyo, ulikuwa kwenye swichi ya gari lake dogo lililoegeshwa nje. Misimu mitatu amekuwa akikusanya funguo za mabanda na mapipa ya dizeli. Hakuna aliyemwambia, na kusema kweli hakuna aliyefikiria, hata yeye. Watu walikaa vitini kwa kumwogopa Merle tu.

"Alikuwa anajikuna," alimwambia Linh, na sauti yake haikuwa sauti yake. "Shingoni. Nikasema ni vumbi."

Linh alipiga simu ya Kelvin, haikupatikana. Ukishapita maghala ya nafaka hakuna mtandao. Wakapiga simu ya nyumbani kwake, ikaita mpaka ikakatika. Wakapiga tena, ikaita vile vile. Linh akaita ambulensi, na akaambiwa itachukua dakika thelathini na tano, maana madereva wa kujitolea wa hapa nao ni wakulima na siku hiyo walikuwa juu ya matrekta.

Merle alimwambia aende yeye, afunge duka. Linh akatuonyesha kwa kidole sisi wawili tuliokaa vitini, ambao sindano zetu hazikuwa zimetimiza hata dakika nane. Hawezi kuwaacha hawa, alisema. Akafungua sanduku la dharura, akatoa sindano ya adrenalini, ile ya umbo la kalamu nene, akamwekea Merle mkononi.

"Unaijua, tumeifanyia mazoezi. Nje ya paja, juu ya suruali hiyo hiyo. Bonyeza, hesabu mpaka tatu, ndipo uitoe. Midomo ikivimba au akikosa pumzi, usisubiri kuniuliza."

"Mpaka tatu," Merle alisema.

Mwandishi aliinuka ili aende naye. "Wewe kaa," Merle alimwambia bila hata kumtazama, akatoka. Kwa hiyo yaliyofuata mwandishi ameyapata kwao wenyewe, Merle na Kelvin, kila mmoja kwa wakati wake, na hawapingani.

Kutoka mjini hadi kwa Rodda ni kilomita kumi na nne za barabara nyeupe ya vumbi. Merle anasema kila mtaro alioupita aliliona ndani yake pikapu la Kelvin limepinduka, mpaka alipofika karibu akakuta ni pipa, au ni kondoo, au ni kivuli tu. Penye lile tangi la zege hakugeuza shingo. Alikuwa anahesabu kwa sauti, moja mbili tatu, moja mbili tatu. Kilichomtesa zaidi ni kufikiri kwamba safari hii hakufungua mlango, aligeuza mgongo tu, na imetosha.

Geti lilikuwa wazi. Pikapu lilikuwa limesimama kando ya banda, mlango wazi, injini inanguruma. Ndani hamna mtu.

Akamwona upande wa pili. Kelvin alikuwa kwenye tangi la maji, kifua wazi katika baridi ile, mikono yote miwili imeegemea tangi, kichwa kimeinama, mabega yanapanda na kushuka. Merle anasema hakumbuki alivyoshuka garini. Anakumbuka kofia ya ile kalamu ikianguka chini, na yeye akilenga paja.

"Kelvin, kaa chini. Sasa hivi, kaa."

Kelvin akainua uso unaochuruzika maji. Midomo ilikuwa na rangi yake. Merle akamwamuru aseme maneno marefu, yoyote yale.

"Merle," Kelvin akasema, "umesafiri kilomita zote hizi kuja kunichungulia nikioga?"

Hakukoroma wala kukohoa, na sentensi ilikuwa ndefu ya kutosha. Merle akamgeuza kama mtoto, akamkagua shingo, mgongo na kifua. Palikuwa na mistari ya kucha na vumbi lililolowa. Ilikuwa shayiri. Merle akakaa chini pale pale kwenye tope la bomba, na ile sindano ambayo haikutumika ameishika mkononi.

Kelvin alitaka kuingia ndani, ana haraka. Merle, anasema, alimfokea kama hajawahi kumfokea mtu tangu wanawe wakue. Alimwambia habari ya Ross, mlango, tangi la zege, mambo ambayo Kelvin anayajua toka zamani. Akamuuliza hiyo shayiri ina thamani gani hata aifie.

Kelvin akamwacha amalize, halafu akamwambia si shayiri iliyomtoa kitini.

Mkewe, Janette, anatibiwa saratani ya damu tangu Novemba. Dawa anazopewa zimeiacha miili yao haina kinga ya kupigana na kitu, anasema Kelvin; husema miili yao kwa maana anahesabu mwili wa mkewe na wake kuwa mmoja. Daktari alimwambia homa ya mafua ya kawaida, ambayo wewe na mimi tungelala nayo siku nne, inaweza kumwondoa Janette. Ndiyo maana Kelvin alikwenda kuchanjwa, asije akamletea. Ndiyo maana kila akitoka shambani huvua nguo kwenye tangi, akanawa, ndipo aingie. Watu hawaji, na yeye hakumwambia mtu, alisema tu kwamba mkewe amechoka. Siku hiyo alimwahidi Janette kwamba ndani ya saa moja atakuwa amerudi. Alipokuwa kitini alipiga simu mara mbili, haikupokelewa.

"Ungekuwa wewe ungekaa?" alimuuliza Merle.

Merle akamwambia aingie, lakini mlango auache wazi ili amwone. Kelvin akavaa shati safi lililokuwa kambani, akaingia. Zilikuwa dakika mbili, na Merle anasema zilikuwa ndefu kuliko zile kilomita. Akatoka mikono mitupu, uso umelegea. Janette alikuwa usingizini. Simu ilikuwa jikoni, imefunikwa na taulo la sahani.

Wakakaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, mkuu wa gereza na mfungwa wake. Punde kitu kikalia ndani ya mfuko wa sweta la Merle, wote wawili wakaruka. Ilikuwa saa nyekundu. Aliibeba bila kujua, na kwa mazoea alikuwa ameizungusha upya alipotoka dukani. Dakika kumi na tano zilikuwa zimetimia.

Merle akampigia Linh kwa simu ya nyumbani, Kelvin akimletea pale mlangoni, ili ambulensi irudishwe. Mjini, Linh aliposhusha mkono wa simu alitugeukia, akasema yuko salama, kisha akaenda nyuma ya rafu na kukaa huko kwa muda. Mwalimu alikuwa analia. Saa zetu zilikuwa zimelia zamani na hakuna aliyeinuka.

Kule shambani, sauti zao zilimwamsha Janette. Akaja dirishani, kitambaa kichwani, mwembamba kuliko Merle alivyomkumbuka, akauliza ni nani huyo. Alipomwona alicheka kwa furaha. Kelvin akamwambia Merle aingie, chai ipo, mkewe hajaona sura ya mwanamke tangu Krismasi isipokuwa wauguzi.

Merle aliinuka, akafuta tope kwenye sketi, akaweka mguu kwenye ngazi ya juu. Halafu akaurudisha.

"Sijachanjwa," alisema.

Kelvin alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mwaka huu hajachanjwa, wala mwaka jana, wala mwaka wa kabla yake. Tangu ajali ya Ross, Merle hajaweza kukaa kwenye kile kiti dakika kumi na tano wakati watu wengine wamechomwa na hakuna anayewatazama. Kila siku anasema kesho. Watu mia sita hupita mbele yake kwa msimu, wanakohoa, wanapenga, wanamshika mkono, na yeye ndiye pekee katika duka lile asiye na chanjo. Hata mwandishi hakuwa amewaza kumuuliza.

Akasogea dirishani, akamwambia Janette hivyo hivyo kupitia kioo. Alitegemea atamcheka. Janette alimtazama kwanza.

"Sasa wewe unatazamwa na nani?"

Merle akamuuliza habari za watoto. Waliongea kama robo saa, mmoja ndani na mwingine nje, wakipandisha sauti kwa sababu ya kioo, kuhusu watoto wao, nywele za Janette, na mume wa Janette asiyejua kupika kitu zaidi ya mayai. Kisha Merle akarudi kazini.

Ijumaa asubuhi, ingawa ni siku yake ya mapumziko, Merle alifika kabla duka halijafunguliwa, alitumbukiza ufunguo wa gari lake bakulini, ule wa gari hasa, na kukunja mkono wa sweta. Linh akamchoma, akavuta kiti, akakaa mbele yake na kumtazama. Nje watu watatu walikuwa wanagonga kioo wakionyesha saa zao. Linh hakugeuka. Merle anasema dakika ya sita alianza kulia na hajui hasa alilia nini, na Linh alimwacha alie huku akimwangalia midomo.

Baadhi ya mambo yamebadilika. Sasa Merle hutoka nje mwenyewe kuchomoa ufunguo kwenye swichi, na wakulima wanalalamika kuliko kwanza. Anayekaa kitini huulizwa swali la pili, kama kuna mgonjwa anayemsubiri nyumbani. Akisema yupo, Merle anapiga simu yeye na kuishika mpaka ipokelewe.

Lakini wasiwasi haujamtoka, na safari hii una tarehe. Kelvin amepanda mashamba mawili tu, yale yaliyo karibu na nyumba, ambako akiwa juu ya trekta analiona dirisha. Hekta mia tatu nyingine zimelala na unyevu wa mvua ya Jumamosi unakauka. Merle amemwambia kwamba siku yake ya mapumziko, Ijumaa, atakuja na pasti, zile sambusa kubwa za kuoka zenye nyama na viazi, atakaa na Janette kuanzia asubuhi hadi jioni, na Kelvin aende hadi shamba la mwisho bila kutazama simu. Atafanya hivyo kila Ijumaa hadi mbegu ziishe. Linh amemweleza kuwa mwili unahitaji kama wiki mbili kujenga kinga, kwa hiyo Ijumaa ya kwanza itakuwa tarehe kumi na tano Mei.

Mpaka siku hiyo ifike, kila anayepiga chafya dukani anamrudisha Merle nyuma hatua mbili. Ananawa mikono mpaka ngozi inapasuka. Usiku anajigusa paji la uso, asubuhi anajaribu koo kwa kumeza mate.

"Nikiugua kabla ya tarehe kumi na tano, siendi, na Kelvin hapandi," anasema, akimpokea mteja mwingine funguo zake. "Kwa hiyo siugui."